Herufi zimegeuka faili lilipohamia kompyuta nyingine: dalili, chanzo na tiba

Nina steshenari Mtwara mjini. Msimu wa korosho ukifika, flashi zinamiminika mezani: orodha za wakulima kutoka vyama vya msingi vya Tandahimba na Newala, na humohumo majina ya wanafunzi, kadi za harusi zenye Bismillahi juu, hesabu za watu wanaovuka Ruvuma kwa kivuko cha Kilambo. Yote yamechapwa kwenye kompyuta nyingine na yanakuja kufunguliwa kwangu. Malalamiko ni yaleyale: "Nyumbani lilikuwa sawa, hapa limechafuka."

Jibu langu la kwanza kwa kila mteja ni maneno mawili: usisevu kwanza.

Sababu yake ni hii. Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba, na kuna jedwali linaloiambia namba fulani ni herufi gani. Jedwali hilo ndilo usimbaji, na dukani wengi wanaliita enkodingi. Faili likiandikwa kwa jedwali moja na kusomwa kwa jingine, unaona takataka kwenye kioo, lakini namba ndani ya faili ziko salama kabisa. Uharibifu wenyewe mara nyingi huja dakika chache baadaye, mtu anapoona takataka, akaanza kurekebisha kwa mkono, kisha akabonyeza Save.

Kiswahili kimetukinga na shida hii kwa muda mrefu. Herufi zetu zote zimo ndani ya ASCII, jedwali la Marekani la mwaka 1963 lenye alama 128 tu, na karibu kila jedwali lililokuja baadaye limeziacha herufi hizo mahali palepale. Ndiyo maana barua ya Kiswahili inasafiri kutoka Lindi hadi Kigoma bila kupata mkwaruzo. Tatizo huzuka yanapoingia mambo matatu ambayo huku kusini tunayo kwa wingi: ritifaa ya ng' iliyochapwa kwenye Word, majina ya Kireno kutoka Msumbiji, na maandishi ya Kiarabu.

Kabla ya dalili yoyote

Nakili faili kutoka kwenye flashi, liweke kwenye kompyuta, kisha tengeneza nakala ya pili. Jaribu kila kitu kwenye nakala. Lile la kwenye flashi usiliguse.

Halafu hakikisha faili limefika zima. Mpigie aliyelituma, akusomee ukubwa wake kwa baiti, yaani idadi ya zile namba zilizomo (bofya kitufe cha kulia, kisha Properties). Likiwa lako ni dogo kuliko lake, au linasoma 0, usihangaike na herufi. Flashi ilichomolewa kabla ya kumaliza, au umeme ulikatika katikati. Omba litumwe upya. Kama faili ni la maana sana, kwenye Windows fungua Command Prompt na uandike `certutil -hashfile orodha.csv SHA256`, kwenye Linux ni `sha256sum orodha.csv`. Namba ndefu itakayotoka ikifanana pande zote mbili, faili ni lilelile hadi baiti ya mwisho, na kilichobaki ni usomaji tu.

Kwa WhatsApp, omba faili litumwe kama dokumenti. Mtu akinakili maandishi na kuyabandika kwenye ujumbe, hicho ni kitu kingine kabisa, na huwezi kujua nini kimebadilika njiani.

Dalili: João amekuwa JoÃ£o, ng'ombe amekuwa ngâ€™ombe

Hii ndiyo naiona kuliko zote, na ni rahisi kuitambua: herufi moja imegeuka mbili au tatu, na Ã au â imetapakaa kila mahali.

Chanzo cha kwanza, karibu kila mara: faili limeandikwa kwa UTF-8 na linasomwa kwa jedwali la zamani la Windows, linaloitwa 1252. UTF-8 ilibuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, na leo ndiyo inayotumika karibu intaneti nzima. Herufi za kawaida inaziandika kwa baiti moja, lakini ã inahitaji baiti mbili na ritifaa iliyopinda inahitaji tatu. Jedwali la 1252 linahesabu kila baiti kuwa herufi kamili. Kwa hiyo ã inatokea kama Ã£, ç inakuwa Ã§, é inakuwa Ã©, na ritifaa ile inakuwa â€™. Ukizikariri hizo nne utatambua tatizo hili ukiwa umesimama mlangoni.

Kuna moja inayowachanganya watu: í. Baiti yake ya pili kwenye jedwali la 1252 ni kistari kisichoonekana, kwa hiyo Mocímboa, mji wa Msumbiji, inaonekana kama "MocÃmboa" na mtu anadhani herufi imepotea. Ipo, haionekani tu.

Tiba ya kwanza ni kufungua upya kwa jedwali sahihi. Kwenye Notepad ya Windows, nenda File, Open, chagua faili, na chini kabisa karibu na kitufe cha Open utaona Encoding. Weka UTF-8. Ukifungua faili la maandishi matupu kwa Word na likatokea dirisha la File Conversion, chagua Other encoding, kisha Unicode (UTF-8), na uangalie kidirisha cha chini majina yakijinyoosha kabla hujabonyeza OK. LibreOffice nayo inauliza Character set. Kwa Excel kuna njia yake, nitaieleza mbele.

Chanzo cha pili: mtu alikutangulia. Alilifungua vibaya, akalisevu kwa UTF-8 au kama kitabu cha Excel, na sasa makosa yameandikwa rasmi. Utaijua kwa sababu hata ukifungua kwa UTF-8 bado unaona JoÃ£o. Ukifungua kwa 1252 unaona mlolongo mrefu zaidi, ÃƒÂ£. Hapa Notepad++ ni msaada mkubwa, na haiuzwi. Fungua faili kwa UTF-8, nenda menyu ya Encoding, chagua Convert to ANSI (menyu huliita hivyo lile jedwali la zamani, la 1252), kisha kwenye menyu hiyohiyo chagua UTF-8 ya juu, ile isiyo na neno Convert. Angalia sana tofauti hiyo. Chaguo la Convert linabadilisha namba zilizo ndani ya faili. Lile la juu linabadilisha namna ya kuzisoma tu. Ukiyageuza, umeongeza tabaka jingine la uchafu.

Kama makosa yako ndani ya Excel na orodha ni fupi, tumia Find and Replace, lakini kwa mpangilio: anza na zile mbilimbili na tatutatu (Ã£, Ã§, â€™), umalizie na Ã iliyobaki, ile ya í, ukiinakili pamoja na kistari chake kisichoonekana na kuweka tiki Match case. Ukianza na Ã umeyavunja mengine yote, na hutajua tena lipi lilikuwa nini.

Nisingependa mtu arekebishe majina kwa kubuni. Kijana niliyekuwa naye dukani aliwahi kukesha akinyoosha kwa mkono orodha ya wafanyabiashara wa ng'ambo ya Ruvuma. Alifanya kwa moyo mmoja, maskini. Asubuhi Conceição zote zilikuwa Conceicao, Mocímboa ilikuwa "Mocmboa", na wengine alikuwa amewapa herufi ambazo hawakuzaliwa nazo. Wale watu walihitaji majina yafanane na vitambulisho vyao. Tulirudi kwenye faili la kwanza, ambalo kwa bahati lilikuwa bado kwenye flashi, na kazi ya usiku mzima ikamalizika kwa kubadilisha Encoding mara moja.

Ritifaa mbili za ng'

Hii naitenga kwa sababu haionekani kwa macho, na inagusa pesa za watu.

Kibodi ina ritifaa iliyonyooka. Word, kwa hiari yake, inaipindisha iwe ya kupendeza. Kwa mtu ni alama moja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu mwenye Ng' katikati ya jina lake, alinijia na karatasi ya chama chao cha kuweka akiba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie hapa. Mimi ni mmoja, mbona humu tupo wawili?"

Kweli walikuwa wawili. Mstari mmoja una michango ya Januari hadi Juni, wa pili Julai kuendelea, na kila mmoja unaonekana kana kwamba ameacha kuchangia. Katibu wa kwanza alichapa moja kwa moja kwenye Excel; aliyempokea alikuwa akichapa Word kisha anabandika. Fomula ya kutafuta jina haikuwakutanisha kamwe.

Namna ya kupima: nakili ritifaa kutoka kwenye jina moja, ibandike kwenye Find, utafute. Likipatikana jina moja tu wakati unaona mawili, ndiyo yenyewe. Tiba ni Replace: iliyopinda iwe iliyonyooka, faili zima. Kuzuia isirudi, kwenye Word nenda File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, AutoFormat As You Type, uondoe tiki kwenye mstari unaozungumzia smart quotes.

Wanaotuma SMS za pamoja kwa wazazi au wanachama nao wasikie. Ujumbe wa herufi za kawaida unabeba alama 160. Ikiingia ritifaa moja tu iliyopinda, mtambo unahamia jedwali jingine na ujumbe unabeba alama 70. Tangazo lenye alama 150 lililokuwa SMS moja linakuwa tatu, na unalipia tatu.

Dalili: almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza (�), au alama za kuuliza tupu

Watu huzichanganya hizi mbili, na tofauti yake ndiyo inayoamua kama kuna matumaini.

Almasi � maana yake programu imekutana na namba isiyoielewa. Mara nyingi faili ni la zamani, la 1252, linasomwa kama UTF-8: kinyume cha dalili iliyopita. Lifungue upya, safari hii ukichagua ANSI kwenye Notepad au Western European (Windows) kwenye Word, na Jo�o atarudi kuwa João. Notepad ya Windows 10 tangu toleo la 2019 inasevu kwa UTF-8 bila kuuliza. Za nyuma yake zilisevu ANSI. Ofisi yenye kompyuta za umri tofauti itaendelea kukutana na hili hadi wakubaliane jedwali moja.

Ukifungua kwa ANSI na mahali pa almasi ukaona ï¿½, habari si njema. Mtu alisevu faili lilipokuwa na almasi, na herufi ya asili imeondoka.

Alama ya kuuliza ya kawaida, kama Jo?o, au Kiarabu kizima kimekuwa ????, ni mbaya zaidi. Faili lilisevuliwa kwenye jedwali lisilo na herufi hizo, na kompyuta ikaweka "?" mahali pake. Pima hivi: badilisha Encoding mara mbili tatu. Alama za kuuliza zisipotikisika, ndizo zilizoandikwa humo. Hakuna programu itakayozirudisha, na anayekuahidi kwamba ataweza usimpe pesa. Rudi kwa aliyelitengeneza, tafuta barua pepe ya kwanza, tafuta nakala ya WhatsApp kwenye simu ya mtu, tafuta karatasi. Hiyo ndiyo tiba pekee.

Dalili: faili la CSV limevurugika ndani ya Excel

CSV ni orodha ya maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato, na mifumo mingi ya ofisi inatoa ripoti zake kwa njia hiyo. Excel inaifungua kwa pupa. Ukibofya mara mbili, inakisia jedwali, inakisia kitenganishi, inakisia hadi aina ya kila namba, na haikuulizi.

Majina yakigeuka, ni ile ya UTF-8 tuliyoiona. Namba za simu zikipoteza sifuri ya mbele na kubaki tarakimu 9, Excel imezichukua kama hesabu. Hilo unaweza kulirekebisha. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ndiyo ya kuogopa. Ina tarakimu 20, na Excel inashika tarakimu 15 tu kwa namba moja. Utaona kitu kama 1.98E+19, ukibadilisha kolamu iwe Number utaona namba nzima, lakini tarakimu 5 za mwisho zimekuwa sifuri. Ukisevu hapo, hizo tano zimekwenda, na katika orodha ya watu mia kadhaa umewafanya watu waliozaliwa siku moja wakaribie kufanana. Funga. Don't Save. Fungua kwa njia hii:

Anza na kitabu kitupu cha Excel. Nenda Data, From Text/CSV, chagua faili. Kwenye File Origin weka 65001: Unicode (UTF-8). Kwenye Delimiter chagua kinachofaa. Kwenye Data Type Detection chagua Do not detect data types, ili kila kitu kiingie kama maandishi, sifuri na tarakimu zote zikiwa mahali pake. Kisha Load. Kwenye Excel za zamani ni Data, From Text, na katika hatua ya tatu ya mwongozo wake unabofya kolamu ya NIDA na ya simu, ukiweka Text.

Kila kitu kikiwa kimejazana kolamu moja na katikati unaona nukta-mkato, faili limetoka kwenye kompyuta yenye mpangilio wa Kireno. Kwa wenzetu wa Msumbiji mkato unatumika mahali tunapoweka nukta ya desimali, kwa hiyo kitenganishi chao ni nukta-mkato. Chagua Semicolon na kolamu zitajipanga. Lakini usifurahie mapema. Mpangilio huohuo unaweza kuandika kilo elfu moja mia mbili hamsini kama 1.250, na Excel yako ya Kiingereza ikaisoma kilo moja na robo. Kabla hujamkabidhi mtu hesabu, igeuze kolamu hiyo kutoka maandishi iwe namba, ijumlishe yote na ulinganishe na jumla iliyo kwenye karatasi yake. Tarehe nazo uzitazame kwa jicho lilelile: 05/11 ni Novemba au ni Mei?

Ukimaliza, sevu kwa CSV UTF-8, ile iliyotajwa hivyo kwenye orodha ya Save as type. CSV ya kawaida inarudi kwenye jedwali la zamani, na Kiarabu chote kitakuwa ????.

Dalili: visanduku vitupu mahali pa herufi

Hapa mara nyingi usimbaji uko sawa, ila fonti haina umbo la herufi hiyo. Nakili maneno hayo uyatume kwenye simu yako. Yakisomeka huko, badilisha fonti: Arial na Times New Roman zinatosha kwa Kireno na Kiarabu. Kwa kazi ya kuchapishwa kwingine, peleka PDF, au kwenye Word nenda File, Options, Save, uweke tiki Embed fonts in the file.

Dalili: Kiarabu kimeachana au kimegeuka nyuma mbele

Kwanza tofautisha. Ukiona Ø na Ù zimejaa, kama Ø§Ù„, hicho ni Kiarabu cha UTF-8 kilichosomwa kwa 1252. Ukiona Çá na wenzake, ni faili la zamani la jedwali 1256, lile la Kiarabu la Windows. Vyote viwili vinatibika kwa kufungua upya, cha kwanza kwa UTF-8, cha pili kwa Arabic (Windows).

Herufi zikiwa za Kiarabu kweli lakini kila moja imesimama peke yake, au neno linaanzia kushoto, usimbaji hauna kosa. Programu ya kubuni kadi haijui kuunganisha herufi. Matoleo ya zamani ya Photoshop yana chaguo la Middle Eastern kwenye mipangilio yake ya Type. Liweke, fungua dokumenti mpya, ubandike tena. Ikishindikana, chapa kwenye Word, toa PDF, uiingize kwenye kadi kama picha. Sababu nyingine ni kunakili kutoka kwenye PDF: maneno mara nyingi hutoka yamepinduka. Tafuta maandishi ya asili, usinyofoe kwenye PDF.

Nina sharti moja dukani. Aya au dua haipigwi chapa hadi maalimu au mtu anayeisoma aitazame kwenye karatasi moja ya majaribio. Niliwahi kuona kadi zilizokamilika, karatasi nzuri, rangi ya dhahabu, na Bismillahi juu yake imesambaa herufi mojamoja kama shanga zilizokatika uzi. Mama wa bibi harusi alizishika mkononi, akazirudisha kwenye boksi moja baada ya nyingine, hakusema neno.

Wanaochapa Kiswahili cha hati za Kiarabu, zile barua za wazee wa Mikindani na Kilwa, watumie UTF-8 peke yake. Herufi ڤ ambayo wengi huandikia "v" haimo kabisa kwenye jedwali la 1256. Ukisevu huko, unaipoteza.

Dalili: faili zima ni takataka, au limekuwa Kichina

Ukifungua kwa Notepad na mwanzo kabisa ukaona PK, hilo si faili la maandishi: ni docx, xlsx au zip. %PDF ni PDF. ÿØÿ ni picha ya JPEG. ÐÏ ni Word au Excel ya zamani. Mtu alibadilisha jina la mwisho la faili, au simu ililikata. Rudisha jina sahihi na lifungue kwa programu yake.

Herufi za Kichina zisizo na maana zinatokea baiti zinaposomwa mbilimbili, yaani UTF-16, mahali pasipostahili. Fungua upya kwa UTF-8 au ANSI.

Mistari yote ikiungana kuwa mmoja mrefu, faili limetoka Linux au Mac na Notepad yako ni ya kabla ya mwisho wa 2018. Lifungue kwa Notepad++.

Dalili: majina ya mafaili yenyewe yamegeuka

Kama yamegeuka baada ya kufungua zip tu, jaribu kuifungua kwa 7-Zip. Kama mafolda yamekuwa shortcut, ni kirusi, na mafaili yako mara nyingi yamefichwa tu. Usizibofye shortcut hizo, peleka kwenye kompyuta yenye antivirus iliyosasishwa.

Lakini ukifungua flashi na kukuta majina ya alama za ajabu, faili moja linadai kuwa na GB nyingi kuliko flashi yenyewe, tarehe ni za miaka ijayo, simama hapohapo. Hilo halihusiani na enkodingi. Daftari la flashi linaloonyesha nini kiko wapi limeharibika. Usinakili chochote kuingia humo. Windows ikikuomba Format the disk, kataa. Usiendeshe chkdsk, kikaguzi cha diski cha Windows, maana inaweza kukuachia folda la FOUND.000 lenye vipande visivyo na majina. Chomoa.

Simama vilevile kama mafaili yote yamepata mkia mgeni kwenye majina na kuna ujumbe wa kudai malipo: chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, usiingize flashi nyingine yoyote. Na kama herufi zimegeuka ndani ya mfumo wa ofisi, wa shule au wa zahanati, siyo kwenye faili ulilonalo mkononi, usisahihishe jina hata moja. Piga picha ya kioo, andika saa uliyoliona, mwite anayesimamia kanzidata. Ukigusa, unachanganya majina mabovu na mazima, naye hataweza kuyatenga.

Unapompelekea fundi flashi iliyoharibika, muulize swali moja kabla hujaiacha: "Utaanza kwa kunakili flashi nzima, kisha ufanye kazi kwenye nakala?" Akisema ndiyo, mwachie, na mwandikie kwenye karatasi majina ya mafaili unayoyataka na mara ya mwisho yalipofunguka. Akisema ataformati kwanza halafu atayarudisha, mshukuru, chukua flashi yako, nenda kwa mwingine.